Kiingereza cha Mama Se-rin

Juni 19

Mwalimu Pyo kasema mwanafunzi mzuri huandika kidogo kila siku, hata kama ni upuuzi. Kwa upuuzi amepata mtu wake. Mimi ni Pil-sun, muuza vibua wa kuchoma na wa chumvi katika soko letu hapa Busan. Nimepika jikoni Osaka, nimegombana na mabaharia wa Kirusi kwa Kirusi chao na wakaomba radhi, ila shule niliiacha nikiwa mtoto. Agosti nafanya mtihani wa watu wazima, ule wa cheti cha sekondari ya juu. Soko zima nimeshalitangazia. Nafaulu.

Anayeniumiza kichwa ni Mama Se-rin. Meza yake ya vitu vikavu, yaani mwani, dagaa na ngisi, imepakana na yangu tangu nywele zetu zikiwa nyeusi bila rangi ya dukani. Jina lake Dal-nim, lakini huku mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto, na huyo Se-rin wake sasa ni mjamzito. Masomo mengine yote ameshayafaulu, Kiingereza peke yake ndicho kimemwangusha mara tatu. Na safari hii hana pa kuangukia. Safu ya vitu vikavu inabomolewa vuli hii, na kura ya nafasi katika jengo jipya haikumpa kitu. Kuna chuo cha wauguzi wasaidizi kilichokubali kumpokea Septemba, akija na cheti. Ana miaka hamsini na saba. Asipoingia sasa haingii tena.

Nikamwambia, "Mama Se-rin, Kiingereza mwachie Pil-sun."

Akasema, "Ndicho ninachokiogopa."

Juni 23

Jangma, majira yetu ya mvua, imeanza. Mvua asubuhi, mvua jioni, katikati manyunyu ya kutupumzisha.

Juni 26

Darasa letu liko juu ya ghala la barafu, saa nane mchana, wakati soko limesinzia. Kiangazi hiki ndilo darasa lenye baridi kuliko yote Busan, na mimi ndiye niliyelitafuta. Leo Mwalimu Pyo aliandika ubaoni "everyday", chini yake akaandika "every day", halafu akarudi nyuma kama mtu aliyewasha fataki.

"Moja limeungana, jingine limeachana. Tofauti yake?"

"Hilo la chini wamegombana, Mwalimu," nikasema.

Darasa likacheka. Naye akacheka, ni mtu mwema, alikuwa afisa wa bandari akastaafu na bado anavaa tai kwenye mvua. Akaeleza. Yakiachana maana yake ni kila siku, kama mimi ninavyochoma samaki kila siku. Yakiungana ni neno jingine kabisa, la kusema kitu ni cha kawaida, kama viatu vya sokoni, si vile vya harusini. Na "maybe" likiungana ni labda, lakini "may be" likiachana ni kitu huenda kikawa hivi au vile. Akasema swali la aina hii halikosi kwenye mtihani.

Mama Se-rin akainua mkono. "Mwalimu, nani aliamua yaungane?"

"Wenyewe, mama. Watu wa Kiingereza."

"Waliamua lini?"

"Polepole. Mengine bado wanabishana."

"Basi kama wenyewe bado wanabishana, mimi nitajuaje leo?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa tai. Mimi nikamkanyaga Mama Se-rin mguu chini ya meza. Kichwa kigumu kama ngisi wa mwaka jana! Kwani Kikorea chetu je? Wapi uache nafasi na wapi uunge, hata magazeti yanakosea. Mtu anaandika tu, anaendelea na maisha.

Juni 30

Leo nimeivumbua. Naandika nikiwa na mikono inayonuka samaki kwa sababu siwezi kungoja.

Vibua wa chumvi tunawauza wawili wawili, mdogo ameingizwa tumboni mwa mkubwa, wamekumbatiana. Hao si samaki wawili tena. Ni bidhaa moja, ina jina moja, bei moja, na huwezi kuingiza hata kidole katikati. Lakini vibua wabichi wanaolala mezani kila mmoja kivyake, kati yao naweza kuingiza barafu, jani, mkono wa mteja mwizi.

Nikamwita Mama Se-rin. "Tazama. Maneno ni hivi hivi. Unashuku? Ingiza kitu katikati. 'Every day', tia 'single' hapo kati: 'every single day'. Limeingia, maana imebaki. Basi hao wamelala mbali mbali. 'May be', tia 'not': 'may not be'. Limeingia. Sasa lile 'maybe' la labda, jaribu."

Alijaribu. Alilisogeza mdomoni kama mfupa. "Linakataa."

"Wamekumbatiana!"

Mwalimu Pyo nilipomwambia akaweka chaki chini. "Bi Pil-sun, hii nitaiiba. Haitafaa kila mahali, lakini nitaiiba."

Nimeshawaambia safu ya pweza, safu ya chaza, na mtu wa gesi.

Julai 2

Mvua. Mtu wa gesi hakuelewa, nikamweleza tena.

Julai 5

Sasa nimejua kwa nini anafeli, na karibu nimpige kwa ngisi.

Tulifanya mtihani wa majaribio. Kila swali lina majibu manne, unachagua moja, unaweka alama. Nikatazama karatasi yake. Alichojibu, karibu chote sahihi! Lakini maswali mengi hakuyagusa kabisa. Meupe.

"Mama Se-rin, haya umeyasahau?"

"Siyajui."

"Sasa si uweke yoyote! Majibu ni manne, moja lazima liwe kweli. Hata kuku akidonoa atapata moja!"

"Mteja akiniuliza mwani huu umetoka wapi, na mimi sijui, nimwambie popote?"

"Mtihani si mteja!"

"Nikiweka alama nimesema najua. Na sijui."

Mara tatu amefeli hivyo. Si kwamba kichwa hakishiki. Ni kwamba hawezi kuuza kitu asichokijua. Nilikaa pale nikitazama mvua, nikafikiria bidhaa zote nilizowahi kuuza mimi kwa kiapo. Nikakohoa, nikabadilisha mazungumzo.

Julai 9

Nimetoa amri. Kila mtu anajua mwenye mtihani hali mwani, kwa kuwa unateleza na wewe unateleza nao. Kwa mtu aliyefeli mara tatu, kutokula tu hakutoshi. Asiuguse kabisa.

"Nauza mwani," akasema.

"Mwezi huu nauza mimi. Wewe kaa kwangu, geuza samaki, kariri maneno."

"Wewe hujui mwani."

"Mimi nimeuza saa mbovu kwa nahodha wa Kigiriki."

Tumebadilishana meza. Wateja wake wananitazama kama daktari aliyekuja na panga.

Julai 14

Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Asubuhi mvua ilikuwa ya kumwagwa kwa beseni. Akaja bibi mmoja nadhifu, mwavuli wa buluu, akaomba mwani mrefu, ule unaoning'inizwa juu, unaozidi mtu kwa urefu. Mke wa mwanawe anakaribia kujifungua, na huku mzazi hulishwa supu ya mwani. Aliweka pesa mezani bila kuuliza bei. Nikaona huyu mtu mzuri, na mimi pia ni mtu mzuri, nikamrudishia sehemu ya pesa. "Nakupunguzia, mama, kwa ajili ya mjukuu!" Kisha, kwa kuwa mvua ilikuwa inaingia na mfuko wangu ulikuwa mfupi, nikaushusha mwani, nikaukunja mara mbili. Ukalia *kra*. Nikaukunja tena. *Kra*. Huku naongea, bila shaka, nilikuwa nasimulia Osaka.

Nilipoinua macho bibi yule alikuwa mweupe kama tofu.

"Umeuvunja," akasema. "Umepunguza bei, na umeuvunja."

Hakuchukua mwani. Hakuchukua pesa. Aliondoka na mwavuli wake umefungwa, mvua inampiga.

Mama Se-rin alikuwa ameona yote kutoka kwenye moshi wangu. Alikuja taratibu, akavikusanya vile vipande kimoja kimoja.

"Mwani wa uzazi haupunguzwi bei," akasema, "maana unapunguza umri wa mtoto. Haukunjwi wala hauvunjwi, maana mama atapata taabu. Unafungwa kwa uzi, unabebwa hivyo hivyo kama ulivyo. Yule mama nimemuuzia wa watoto wake wote."

"Sasa mimi ningejuaje? Hizi imani za—"

"Kila mwanamke hapa anajua. Hukujua kwa sababu..."

Akanyamaza hapo hapo. Lakini nilisikia mwisho wake. Hukujua kwa sababu hakuna aliyewahi kukununulia.

Mimi huwa nasema nimezaa meza ya samaki, na watu hucheka. Leo sikusema hivyo.

Amerudi mezani kwake. Nami nikarudi kwangu.

Julai 15

Mvua. Hakuja darasani.

Julai 16

Hakuja. Mwalimu Pyo akauliza, nikasema ana mafua. Akanitazama kwa huruma, kitu nisichokipenda.

Julai 18

Kati ya meza zetu pana nafasi ya kiganja. Leo ilikuwa kama kutoka hapa hadi Osaka.

Julai 20

Nimemsikia akisema peke yake, mgongo kwangu, akipanga dagaa: "Already. All ready." Anakariri bado. Hana wa kumuuliza kama ni sahihi. Nilikuwa namwona mkaidi tu. Lakini mkaidi gani anakariri akiwa hana darasa, hana mwalimu, na safu yake imeshapigwa chapa nyekundu ya kubomolewa?

Julai 22

Nimefanya jambo. Nimeamka alfajiri nikapanda basi hadi Gijang, kwa wapiga mbizi wanaokausha mwani wao wenyewe. Nikanunua mrefu kuliko wote. Bei sikuuliza, na Mungu anajua jinsi ulimi ulivyoniwasha. Nikaufunga uzi mwekundu, nikauvika koti langu la mvua.

Dereva wa basi akaniambia, "Shangazi, huyo abiria wako ana nauli?"

"Huyu anakaa. Mimi ndiye nitasimama."

Nyumba ya yule bibi nilielekezwa na muuza tofu. Nilifika nimelowa hadi soksi. Nikainamisha kichwa nikasema mimi ndiye mpumbavu wa sokoni, na kwamba mwani huu haukukunjwa wala haukupunguzwa bei, na kwamba Mama Se-rin hana kosa. Alinitazama sana. Kisha akatoa taulo. Akanifuta nywele mwenyewe, kama mtoto. Mke wa mwanawe alikuwa amekaa ndani, tumbo mbele, akinicheka kwa upole.

Sikumwambia mtu yeyote. Ni mara ya kwanza, na sijisikii vizuri.

Julai 24

Yule bibi ndiye aliyesema. Saa nane mchana nikiwa darasani, kiti cha pembeni kikavutwa.

"Nasikia ulilowa," akasema Mama Se-rin bila kunitazama.

"Mwani haukulowa."

Akafungua kitabu. "'Any one' na 'anyone'. Nimeingiza kitu katikati na bado sielewi."

Nikamwonyesha. Ikaingia.

Agosti 1

Jangma imeisha, sasa joto. Vibua wangu wanajichoma wenyewe.

Agosti 4

Namfundisha kubahatisha. Kila mteja anapotokea mbali, lazima aseme atanunua nini kabla hajafika. Mwanzoni alikataa. Sasa anasema, kwa sauti ndogo, "Dagaa." Akikosea nampigia makofi. Akipatia nampigia makofi. Leo alisema "Ngisi wawili" na mtu akaja kuuliza choo kiko wapi. Tulicheka mpaka akashika meza.

Lakini kwenye karatasi ya majaribio bado ameacha meupe. Machache kuliko zamani, ila yanatosha kumfelisha.

"Mkono unakataa, Dada Pil-sun," akasema. "Kichwa kimekubali, mkono unakataa."

Agosti 9

Siku ya mtihani. Nina usingizi, lakini haya siyaachi yalale.

Saa moja asubuhi tulikuwa kituo cha basi, mimi na yeye, tumeshavaa vizuri, mdomoni keki za mchele za kunata ili jibu lishike. Mimi nilikuwa na mtihani wa masomo yote, kutwa nzima. Yeye wake ulikuwa Kiingereza tu, kabla ya adhuhuri. Basi letu likiwa limeonekana kule kwenye taa, simu yake ikalia. Se-rin. Chupa imepasuka, wiki tatu kabla ya wakati. Mumewe ni fundi wa meli, yuko upande wa pili wa dunia. Amejipeleka hospitali kwa teksi, peke yake.

Mama Se-rin akavuka barabara bila kuangalia magari, kuelekea kituo cha upande wa pili. Nikamkimbilia.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Na mtihani?"

"Upo Aprili."

"Chuo kiko Septemba! Na Aprili utakuwa huna hata meza!"

"Pil-sun, mtoto wangu anazaa peke yake!"

"Hazai peke yake. Nakwenda mimi."

Akasimama. "Una mtihani wako."

"Mimi safu yangu haibomolewi. Vibua hawajawahi kuniuliza cheti."

"Umelitangazia soko zima."

"Basi nitalitangazia jambo lingine."

"Wewe hujawahi..."

"Hujawahi kuzaa, najua, nilikuwepo! Nitamshika mkono. Kuna elimu gani ya kushika mkono?"

Akampigia Se-rin, na mimi nikasikia sauti ya yule binti ikitoka kwenye simu katikati ya uchungu: "Mama, usipokwenda huo mtihani sizai!"

Akanipa ufunguo wa nyumba yake. "Mwani uko juu ya kabati, umefungwa uzi. Nyama kwenye friji. Loweka, kaanga kwa mafuta ya ufuta, tia maji, chemsha taratibu. Usitie pilipili. Usitie maneno."

Tukavuka kurudi upande wetu, basi lililofuata likaja, akapanda. Nilipiga kioo nikapiga kelele, abiria wote wakageuka: "Jaza zote! Usiache jeupe hata moja!"

Hospitalini muuguzi akauliza, "Wewe ni mama yake?"

"Mama mdogo."

Se-rin alinishika mkono huu wa kuandikia, ndiyo maana herufi zimepinda leo. Nilimsimulia Osaka. Akasema, "Mama mdogo, naomba unyamaze." Nikanyamaza. Nikagundua kwamba nikinyamaza namsikia anavyovuta pumzi, na nikivuta pamoja naye anatulia. Hivyo tukavuta. Sijui muda gani. Kisha chumba kikajaa watu, na baada ya hapo mtu mmoja zaidi, mdogo, mwekundu, mwenye hasira kama mimi asubuhi. Msichana.

Nilikimbia nyumbani kwa Mama Se-rin, ni nyuma ya hospitali. Niliushusha mwani kama mtu anayemshusha mgonjwa. Nikaloweka, nikakaanga, nikachemsha, nikakaa mbele ya sufuria bila kusema neno. Mimi nimewapikia mabaharia mia kwa mkupuo, lakini hapa nilipima maji mara tatu.

Nilipofungua sufuria wodini, Mama Se-rin akaingia mbio, shati limemgandia mgongoni. Alimtazama mwanawe, akamtazama mtoto, akalia bila sauti. Kisha akachukua kijiko akaonja.

"Chumvi imezidi. Muuza vibua!"

Akamlisha Se-rin kijiko kwa kijiko. Alipomaliza akamimina bakuli la pili, akalisogeza kwangu.

"Kula."

"Mimi sijazaa."

"Kula, Pil-sun."

Nikala. Ilikuwa na chumvi nyingi kweli, na ile ya mwisho sikujua kama ni ya supu au ya machozi.

Ndipo nikauliza. "Ulijaza zote?"

Aliweka mkono juu ya kile kifurushi kidogo cha mtoto. "Nilipofika yale nisiyoyajua, nikasimama kama kawaida. Halafu nikafikiri, saa hii sijui kama Se-rin yuko hai. Sijui kama mtoto yuko hai. Sijui chochote, na bado nimekaa hapa kwa sababu nimekuamini wewe. Nikaona kumbe mtu anaweza kutojua na bado akaweka alama. Nikazijaza zote."

Mtu mwingine angekaa na siri ya mtihani wake aliouacha. Mimi kufika jioni nilikuwa nimeshaiambia safu ya pweza, safu ya chaza, na mtu wa gesi. Safari hii alielewa mara moja. Mke wa muuza chaza akasema, "Pil-sun, si ulisema utafaulu?" Nikamwambia, "Nitafaulu Aprili. Agosti nilikuwa na kazi."

Agosti 13

Joto. Mtoto ameitwa Ha-dam. Ana pua yangu, nashangaa kwa nini wanakataa.

Agosti 20

Wamekuja kupima safu ya vitu vikavu. Mama Se-rin akawapa ngisi watafune wakifanya kazi. Mimi nisingewapa hata maji.

Agosti 29

Matokeo saa nne asubuhi, kwenye simu. Mama Se-rin hakuweza kutazama. Alikuwa amembeba Ha-dam mgongoni kwa mbeleko, akazunguka meza yake akipanga dagaa waliokwisha kupangwa. Mwalimu Pyo alishuka kutoka darasani na tai yake, akasimama kwenye moshi wangu akikohoa. Safu tatu ziliacha kuuza.

Nilifungua. Nikasoma. Nikasoma tena, maana mimi ni mtu wa kusema kabla ya kusoma, na hili sikutaka kulikosea.

"Haya sema!" akapiga kelele mke wa muuza chaza. "Siku zote hunyamazi, leo ndiyo unanyamaza?"

Nikamgeuzia Mama Se-rin simu. Aliinama, mtoto mgongoni akainama naye. Alisoma jina lake taratibu kwa midomo, halafu neno lililofuata.

"Nimefaulu," akasema, kama mtu anayeuliza bei.

Mwalimu Pyo akavua miwani. Ha-dam akalia, soko likapiga makofi, mtu akazima jiko langu kwa kumwaga ndoo ya barafu kwa furaha. Vibua wote wa asubuhi wameharibika. Nimewagawa bure nikisema ndivyo nilivyopanga.

Septemba 2

Mama Se-rin ameanza chuo. Alipita sokoni asubuhi na mkoba mpya, akataka kufungua meza kwanza. Nilimfukuza kwa koleo la kugeuzia samaki.

Mchana akaja kijana wa ujenzi na futi yake ya chuma. Akaitazama meza ya vitu vikavu iliyofunikwa turubai, akaniuliza, "Shangazi, hapa hapana mtu tena, siyo?"

"Yupo," nikamwambia. "Yuko darasani."